Dozi Isiyoandikwa Kwenye Daftari la Kliniki

Baba yangu alikagua tiketi kwenye treni ya Reli ya Kati kwa miaka ishirini na tisa. Kutoka Kigoma hadi Tabora, Tabora hadi Dodoma na kurudi, alitembea behewa kwa behewa, akapanda na kushuka ngazi stesheni kwa stesheni, akasimama saa nyingi huku treni ikiyumba. Alipostaafu alirudi Ujiji, akajenga nyumba yenye baraza pana, akakaa. Mwaka wa nne wa kukaa, akaambiwa ana kisukari. Presha ikafuata miezi michache baadaye.

Daftari lake la kliniki ninalo hapa mezani ninapoandika. Dawa zimeandikwa kwa umakini mkubwa: jina la kidonge, miligramu, mara ngapi kwa siku. Chini yake, kwa mwandiko uleule, kuna maneno mawili: "Afanye mazoezi." Basi. Hakuna aina ya zoezi, hakuna muda, hakuna mara ngapi kwa wiki, hakuna tahadhari. Daktari hawezi kuandika "ameze dawa" akaishia hapo, maana kila mtu anajua kwamba dawa bila kipimo ni hatari. Kwa mazoezi, tumekubali kwamba maneno mawili yanatosha.

Baba ni mtu wa kufuata maelekezo. Kesho yake baada ya swala ya alfajiri alimeza vidonge vyake, kimojawapo glibenklamaidi ya kushusha sukari, kabla hata ya kunywa chai. Akavaa viatu vyake vya kazi vya zamani, akashika barabara ya kwenda Mwanga. Alifanya hivyo siku kadhaa na akawa anajisifu kwa majirani. Wiki ya pili sukari ilimshuka njiani. Vijana wa bodaboda walimkuta amekaa chini kando ya barabara, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Kijana mmoja, ambaye mama yake ana ugonjwa huohuo, alielewa haraka kuliko wenzake, akakimbilia dukani kumnunulia soda. Nadhani kijana yule ndiye aliyemwokoa.

Tangu siku ile familia nzima, mimi mtoto wa kwanza nikiwa mbele, tulimkataza Baba kutembea. Tulidhani tunamlinda. Makala haya nayaandika kwa sababu ya miaka miwili iliyofuata.

Iko taaluma ambayo kazi yake ni kujaza nafasi iliyo wazi chini ya yale maneno mawili. Mwenye taaluma hiyo ni mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi tiba. Kwa ufupi nitamwita mtaalamu wa mazoezi tiba. Si mwalimu wa jimu. Si mtaalamu wa fiziotherapia pia, ingawa hawa wawili ni ndugu wa karibu. Mara nyingi fiziotherapia huanzia kwenye kiungo kilichoumia au kupooza, kama goti, bega, au mkono baada ya kiharusi, ikahangaika mpaka kiungo kirudi kazini. Mtaalamu wa mazoezi tiba huanzia kwenye ugonjwa wa kudumu: kisukari, presha, moyo unaosukuma kwa shida, mapafu yaliyochoka, figo, saratani. Swali lake ni hili: mwili huu, wenye ugonjwa huu na unaotumia dawa hizi, unaweza kubeba kazi kiasi gani leo? Na baada ya miezi mitatu ubebe kiasi gani? Mpaka kati ya taaluma hizo mbili hauko wazi kila mahali na mimi sina haja ya kuugombania. Ninachogombania ni kwamba swali lenyewe liwe na mtu wa kulijibu. Katika mkoa wetu wa Kigoma, kwa mgonjwa wa kawaida wa kliniki, mtu huyo hayupo.

Kwamba kutembea na kupanda ngazi kunalinda moyo si habari mpya. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake wa Uingereza walichapisha utafiti uliowalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Watu wa kampuni moja, mabasi yaleyale, mitaa ileile. Dereva alikaa siku nzima; konda alipanda na kushuka ngazi za basi mamia ya mara. Madereva ndio walioumwa zaidi ugonjwa wa mishipa ya moyo, na ulipowapata uliwaua haraka zaidi. Kila nikisoma habari hiyo namwona Baba na koleo lake la kutoboa tiketi. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akipata dawa kazini bila kuijua. Siku aliyokabidhi sare alikuwa ameiacha dawa hiyo ghafla, na hakuna aliyemwambia.

Lakini utafiti wa Morris unatueleza tu kwamba mwendo una faida. Hautuelezi kama kumwambia mtu "tembea" kuna faida. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo hoja yangu yote ilipo.

Mwaka 2011 watafiti wa Porto Alegre, Brazil, walichapisha kazi iliyokusanya majaribio 47 yenye watu zaidi ya 8,500 wanaougua kisukari cha aina ya pili. Waliyagawa majaribio hayo mafungu mawili. Fungu moja ni wagonjwa waliofanya mazoezi yaliyopangwa na kusimamiwa. Fungu la pili ni wagonjwa waliopewa ushauri wa kufanya mazoezi. Walichoangalia ni kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu, HbA1c. Kwa waliosimamiwa, kipimo kilishuka kwa wastani wa pointi 0.67, na kwa wale ambao mazoezi yao yalizidi dakika 150 kwa wiki kilishuka kwa 0.89. Kwa mgonjwa wa kisukari hayo ni mabadiliko ya kuonekana. Ushauri ulisaidia pale tu ulipofungamanishwa na ushauri wa chakula. Ushauri wa mazoezi peke yake haukushusha kitu.

Rudia kuisoma sentensi hiyo ya mwisho ukikumbuka daftari la Baba.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ambao watu wa afya hupenda kuutaja. Uliwahusisha watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafikia kuitwa kisukari. Kundi moja lilipewa metformini, dawa ya kisukari, kundi la pili vidonge visivyo na dawa, na kundi la tatu lilipewa mpango wa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Baada ya karibu miaka mitatu, metformini ilikuwa imepunguza watu kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 31; mpango wa chakula na mazoezi ulipunguza kwa asilimia 58. Takwimu hizo zinatajwa kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani. Kisichotajwa ni kwamba wale wa kundi la vidonge visivyo na dawa nao walishauriwa kula vizuri na kufanya mazoezi. Walipewa maelezo kwa maandishi, na mara moja kwa mwaka walikaa na mtu kwa nusu saa hivi. Wale wa kundi la tatu walikuwa na msimamizi wao kila mmoja, anayemjua kwa jina, na masomo 16 katika wiki 24 za mwanzo. Kwa hiyo asilimia 58 haipimi tofauti kati ya wanaojua na wasiojua faida ya mazoezi. Inapima tofauti kati ya anayeambiwa na anayeshikwa mkono. Wasimamizi wale wengi walikuwa watu wa lishe, si wa mazoezi, na hilo halinipunguzii hoja hata kidogo: kazi ilikuwa na mwenyewe.

Tukiingia ndani ya mwili tunaona kwa nini neno dozi si mapambo. Msuli unapojikunja hufungua milango ya kupokea sukari kutoka kwenye damu bila kuisubiri insulini, homoni ambayo kwa kawaida ndiyo huifungulia sukari. Kwa mgonjwa ambaye mwili wake umeacha kuitii insulini, huo ni mlango wa uani uliobaki wazi wakati wa mbele umekwama. Baada ya zoezi, msuli unaendelea kuipokea sukari kwa wepesi kwa siku moja hadi mbili, kisha unarudi ulikokuwa. Ndiyo sababu miongozo inasema mgonjwa wa kisukari asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Dawa hii nayo inaisha mwilini. Anayekimbia jogingi ya Jumamosi na kukaa siku sita amekunywa kidonge kimoja kwa wiki. Kwa wenye presha, mazoezi ya kutembea au kuendesha baiskeli yakifanywa kwa wiki kadhaa hushusha ile namba ya juu kwa wastani wa pointi 5 hadi 8, jambo linalokaribia kazi ya kidonge kimoja. Simwambii mtu aache vidonge. Namwambia kwamba kitu chenye nguvu ya kidonge kina pia madhara ya kidonge.

Na madhara hayo yanapishana mgonjwa kwa mgonjwa. Anayetumia insulini au glibenklamaidi sukari yake inaweza kushuka kwa hatari akitembea na njaa, kama ilivyompata Baba. Anayetumia metformini peke yake ana hatari ndogo zaidi. Anayetumia atenololi au propranololi, dawa za presha zinazopunguza mapigo, mapigo ya moyo wake hayapandi kama ya wengine, hivyo ukimpima kwa kuhesabu mapigo utadhani hajachoka huku amechoka. Huyo anapimwa kwa anavyojisikia, kwa ngazi ya uchovu aliyoibuni Gunnar Borg wa Sweden, au kwa njia nyepesi kabisa: aweze kuongea akitembea, asiweze kuimba. Ambaye kisukari kimemla mishipa ya fahamu miguuni anaweza kutembea kilomita nzima na kokoto ndani ya kiatu bila kuhisi, na kidonda kinachoanza hivyo ndicho kinachomaliza kwa mguu kukatwa. Ambaye mishipa ya macho imeharibika hapaswi kunyanyua kitu kizito huku amebana pumzi. Anayeamka na presha ya juu ya 180 kwa 110 haanzi mazoezi siku hiyo, anarudi kliniki. Mambo yote haya yanajulikana. Ila nesi mwenye wagonjwa themanini asubuhi moja hana dakika za kuyachambua kwa kila mmoja, na si haki kumlaumu.

Kinachoniuma ni kwamba vifaa vya kuanzia ni vya bei ya chini mno. Kipimo maarufu cha uwezo wa mgonjwa wa moyo au mapafu ni kumtembeza dakika sita kwenye korido iliyonyooka ya mita 30 na kupima umbali alioenda. Kingine ni kumkalisha kwenye kiti, mikono kifuani, na kuhesabu anasimama na kukaa mara ngapi kwa sekunde 30. Saa, futi kamba, kiti. Ongeza mashine ya presha na ya sukari, ambazo kliniki inazo tayari. Kinachokosekana ni mtu aliyefundishwa kusoma majibu yake na kuyageuza kuwa maelekezo, halafu akamwita mgonjwa tena baada ya wiki nne na kuongeza dozi. Hapo kwenye kuongeza ndipo watu wengi wanaojifanyia wenyewe hukwama: mwili ukishazoea, zoezi lilelile linakuwa kazi ya kawaida tu.

Nimewahi kuizungumza hoja hii mbele ya watu wa Kasulu na Buhigwe, na mzee mmoja akanijibu kwamba mazoezi ni ya watu wanaokaa ofisini, wao wanalima. Jibu lake lina uzito na silipuuzi. Anayeshika jembe kuanzia mvua za Novemba, au kijana anayevuta nyavu za dagaa usiku kucha pale Kibirizi, hahitaji kuambiwa asogeze mwili. Lakini huyo mwenye jembe ni mgonjwa wetu alivyokuwa kabla hajaumwa. Na kazi haimpimi mtu. Shamba halijui kwamba leo presha ya Mama fulani ni 170. Ndoo ya mawese inayopandishwa kilimani ina uzito uleule kwa mwenye moyo mzima na mwenye moyo mbovu. Kazi ya msimu inambana mwili miezi kadhaa na kuuacha miezi kadhaa. Mazoezi tiba ni kinyume chake: kidogo, kila mara, kwa kipimo, yanayopanda polepole.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote, na sijaliona likijadiliwa vya kutosha. Kwetu mgonjwa hatumwi. Akishaitwa mgonjwa, mkwe anamnyang'anya ndoo: "Acha Mama, utaumia." Mjukuu anatumwa dukani badala yake. Akitaka kwenda sokoni Mwanga, mtoto anamwitia bajaji mlangoni. Tunapima upendo wetu kwa mzazi kwa idadi ya kazi tulizomwondolea, na mtu akimwona mzee wako wa kisukari amebeba kikapu, aibu ni yako. Nimejiuliza desturi hii imetoka wapi na jibu ninaloliona ni kwamba tulijifunza kuuguza kutokana na malaria. Mwenye homa hulazwa, hufunikwa, huletewa uji, na baada ya siku chache huinuka. Kwa homa huo ni uuguzaji sahihi. Ila kisukari hakina siku ya kuinuka. Ugonjwa hauishi, kwa hiyo kupumzika nako hakuishi, na mgonjwa anamezwa na kiti.

Ndivyo tulivyomfanyia Baba. Miaka miwili tulimhudumia kwa mapenzi yote. Mapaja yakapungua mpaka suruali zikawa zinamning'inia. Msuli ndio unaopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, kwa hiyo kila gramu ya msuli iliyoyeyuka pale barazani iliiacha sukari bila pa kwenda, vidonge vikaongezwa. Akaanza kushika ukuta akienda chooni. Kisha Ijumaa moja nikamwona anaswali amekaa kwenye kiti mwishoni mwa safu, mtu ambaye utotoni mwangu alikuwa akinibeba mgongoni kutoka stesheni mpaka juu ya mtaa wa Lumumba, chini ya ile miembe, bila kutweta.

Aliyetutoa hapo hakuwa mtaalamu wa mazoezi tiba kwa cheo. Ni dada mmoja wa fiziotherapia aliyekuwa akija mtaani kwetu kumfuatilia jirani aliyepata kiharusi. Mama alimwomba apite kumwona Baba. Alikuja baada ya saa zake za kazi, akaamkia, akaketi mkekani, akaomba daftari na dawa zote. Alizisoma moja moja. Akamtazama Baba nyayo, kidole kwa kidole. Akamkalisha kwenye kiti na kuhesabu: mara sita kwa nusu dakika. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza tangu aambiwe ana kisukari: "Baba, kitu gani ulikuwa unakifanya, sasa huwezi, na kinakuuma?"

Baba alikaa kimya kidogo. Akasema: "Nataka paji la uso lifike kwenye mkeka."

Mpango wote ulijengwa juu ya jibu hilo. Kwanza alimrudisha kliniki na ujumbe kwamba muda wa kumeza kidonge uangaliwe, na daktari akaupanga upya uendane na mlo. Dada yule hakugusa dawa mwenyewe, na alitusisitizia sisi pia tusiziguse. Kutembea kukaanza kwa dakika kumi tu, mahali tambarare, baada ya kula, sukari ikiwa imepimwa, na pipi mbili mfukoni. Kusimama na kukaa kwenye kiti, mara tano, pumziko, mara tano tena, siku tatu kwa wiki. Baada ya mwezi kiti kikabadilishwa kwa kigoda kifupi. Baada ya hapo akaanza kupiga goti moja kwa kushikilia ukingo wa kitanda. Sisi tulikuwa na kazi ngumu kuliko yake: kukaa kimya tunapomwona Baba anahangaika kuinuka, bila kukimbilia kumshika.

Mpango kama huo hauwezi kutoka kwenye kitabu cha nchi nyingine. Mama zetu wa Ujiji hawatavaa suruali ya michezo na kukimbia barabarani machoni pa wakwe zao, na anayewashauri hivyo hajawaona. Mazoezi yao yatakuwa uani, kwa kigoda, kwa ndoo iliyojazwa robo, kisha nusu. Vilima vya Kigoma, ambavyo vinaogopesha, mtu anayejua kazi yake anavitumia kama kipimo: mwezi huu ishia kwenye mwembe wa kwanza, mwezi ujao wa tatu. Ramadhani inahitaji mpango wake, maana mwenye glibenklamaidi au insulini akitembea saa kumi jioni na tumbo la funga anajitafutia balaa. Mwendo wake unahamia usiku baada ya kufuturu, na Tarawehe yenyewe inahesabiwa. Na kwa mla ugali wa muhogo, kutembea robo saa baada ya mlo wa jioni ni maelekezo yanayoeleweka kuliko karatasi iliyojaa majina ya vyakula visivyouzwa soko la Mwanga.

Nchi nyingine zimeifanya kazi hii iwe na jina, cheo na malipo. Afrika Kusini ilianza kuwasajili wataalamu wanaowaita wabiokinetiki mwaka 1983. Australia iliwaingiza wataalamu wa mazoezi tiba kwenye bima yake ya taifa mwaka 2006: mgonjwa wa kudumu akiandikiwa mpango na daktari wake, bima humchangia hadi mara tano kwa mwaka kuonana na wataalamu wa namna hiyo. Mara tano ni chache, na zinagawanywa na wataalamu wengine kama wa lishe. Hata hivyo mgonjwa ana mahali pa kwenda. Kwa Afrika Kusini nina onyo: wengi wa wataalamu wale wako sekta binafsi, kwa hiyo anayewaona ni mwenye bima nzuri, na mwanakijiji ameachwa na maneno mawili kama yetu. Tusiige hilo.

Sisi tuna vya kuanzia. Tanzania imekuwa ikifundisha wataalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa miongo mingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi za michezo, na vijana wake wanajua fiziolojia ya mwili unaofanya kazi kuliko wengi wetu. Walichokosa ni mwaka mmoja au miwili ya kufunzwa wodini na kliniki, na nafasi ya ajira inayowangoja. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari na 26 wana presha ya juu. Mkoa wetu, kwa sensa ya 2022, una watu 2,470,967 na halmashauri nane. Siombi mtaalamu kila zahanati. Naomba mmoja kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, mwenye cheo hicho na si "kaimu" wa kitu kingine, ambaye kazi yake ya kwanza ni kuwafundisha manesi wa kliniki na wahudumu wa jamii wa halmashauri nane, na ya pili kuwaona wale wagumu: wa moyo, wa figo, wenye vidonda vya miguu. Na naomba kifurushi cha bima kitambue ziara yake kama kinavyotambua kidonge.

Wapo watakaosema hatuna hata wauguzi wa kutosha, itakuwaje tuajiri mtu wa mazoezi. Nimelifikiria sana pingamizi hili kwa sababu wanaolitoa si wabaya. Jibu langu ni siku ya kliniki yenyewe. Nenda saa moja asubuhi uone mabenchi: wagonjwa wamejaa, wamekaa, na wengi watakaa mpaka adhuhuri. Tunawaita watu wanaoumwa kwa kukaa, tunawakalisha nusu siku, kisha tunawaandikia "fanya mazoezi." Muda upo. Wakishapimwa sukari na kunywa chai, nusu saa ya kusimama na kukaa pamoja, wakihesabu kwa sauti, haimpokonyi nesi hata mgonjwa mmoja. Na daftari linaweza kubadilishwa bila bajeti yoyote ya maana: muhuri wenye nafasi nne, aina ya zoezi, dakika, mara ngapi kwa wiki, nguvu kiasi gani, na mstari mmoja wa tahadhari. Nafasi tupu inamsumbua mwenye kalamu. Maneno mawili yanamruhusu afunge ukurasa.

Jambo moja bado halinipi usingizi. Baba alipata mtu wa kumpimia mazoezi kwa sababu jirani yetu alipata kiharusi. Dada yule alikuja kwa wema wake, jioni, bila malipo zaidi ya chai na migebuka michache ya kupeleka nyumbani. Mtaa wa pili hakuna aliyepata kiharusi mwaka ule, kwa hiyo wazee wa mtaa wa pili wenye kisukari hawakuonwa na mtu.

Baba bado ana kisukari na bado anameza vidonge. Anatembea dakika thelathini na tano baada ya alasiri, akielekea ziwani na kurudi, na yule kijana wa bodaboda akimwona humpigia honi na kumuuliza kama ana pipi. Mara ya mwisho kuhesabiwa kwenye kiti alifikisha kumi na tatu. Mwezi uliopita nilimsindikiza kliniki. Chini ya yale maneno mawili sasa kuna mwandiko mwingine wa dada wa fiziotherapia, mistari sita: dakika, siku, kigoda, viatu, sukari isishuke chini ya ngapi, simama ukiona nini. Nesi aliusoma mara mbili, akatoa simu na kuupiga picha ukurasa. Akaniuliza mtaalamu huyo anapatikana ofisi gani, maana ana wagonjwa wengine pale kwenye benchi angependa kuwatuma. Nikamwelekeza nyumbani kwa jirani yetu, Jumanne jioni.